Baada ya kujengewa titi, je, kuna haja ya kutengenezewa chuchu?

Mama wa Tabata aliuliza:

Wanajukwaa, habari za jioni. Nina umri wa miaka 52, na huu ni mwaka wa tatu tangu niondolewe titi la kushoto kwa sababu ya saratani. Nilipewa tibakemikali, kisha nikapigwa mionzi pale Ocean Road, na miezi minane iliyopita nikajengewa titi jingine kwa nyama na ngozi ya tumboni mwangu. Namshukuru Mungu, kidonda kimepona, na nikivaa dera langu hakuna anayetambua lolote. Shida huanza ninapovua, kwa kuwa titi hilo jipya ni laini tupu, halina chuchu wala weusi wake, na kila nikijitazama kwenye kioo naona kama kifua changu kimefumba jicho moja.

Katika kliniki moja ambayo siitaji, nilipouliza kuhusu chuchu mhudumu alicheka akasema, "Mama una wajukuu, chuchu ya nini tena?" Nikanyamaza, nikapanda daladala na swali langu. Naomba mnaofahamu mnieleze: chuchu hutengenezwaje, hudumu kiasi gani, na je, inawezekana kwa mtu aliyepigwa mionzi?

Nesi Mstaafu alijibu:

Pole kwa maradhi, dada yangu, na pole zaidi kwa kicheko hicho. Ni kweli kwamba chuchu hairudishwi kwa sababu ya afya, na asiyeitaka hajapungukiwa na matibabu yoyote. Lakini anayeitaka anaomba kumaliziwa kazi iliyokwisha kuanzwa mwilini mwake, na umri hauhusiki.

Kwa kawaida daktari husubiri miezi 3 hadi 6 baada ya titi kujengwa, ili uvimbe uishe na titi lishuke likae mahali pake, kwa sababu chuchu ikiwahishwa huenda baadaye ikaonekana imetazama juu au pembeni. Wewe umeshavuka muda huo. Njia inayotumika sana ni ya kutumia ngozi ya titi hilohilo jipya: daktari huchora vipande vidogo, huvikata bila kuvitenga kabisa na mwili ili damu iendelee kuvifikia, kisha huvinyanyua, huvikunja na kuvishona pamoja, kama fundi wa nguo anavyovika kifungo kitambaa. Mara nyingi kazi hiyo haifiki saa moja, hufanywa kwa ganzi ya sehemu hiyo tu, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Ipo pia njia ya kukata sehemu ya chuchu ya titi zima na kuipandikiza upande wa pili, ambayo huwafaa wenye chuchu kubwa, ingawa wengi hawataki titi lililosalimika liguswe, nami siwalaumu.

Kuhusu mionzi, jambo la kuuliza ni hili: ngozi itakayokunjwa ni ipi? Ngozi iliyopigwa mionzi hupitisha damu kwa shida, hupona polepole, na kipande kilichokunjwa huweza kufa. Lakini wewe ulipigwa mionzi kwanza, titi likajengwa baadaye. Kwa hiyo ikiwa mahali pa chuchu pamefunikwa na ngozi iliyotoka tumboni, ngozi hiyo haikupita kwenye mashine. Mwombe daktari akuonyeshe mpaka wake kwa kidole, na umweleze pia kama una kisukari, kama unavuta sigara, dawa zote unazomeza, na kama makovu yako huwa yanaota na kuvimba, maana ngozi nyeusi ina tabia hiyo zaidi.

Mkazi wa Mbagala alijibu:

Mimi nilifanyiwa. Maumivu hayakunisumbua, kwa kuwa ngozi ya titi lililojengwa haina hisia kubwa. Kilichonisumbua ni kuilinda: kwa wiki kadhaa nilivaa sifongo nene iliyotobolewa katikati, chuchu ikikaa ndani ya tundu ili sidiria isiigandamize, na sikuthubutu kupanda daladala la asubuhi, kwani pale mlangoni kiwiko kimoja tu kingetosha kuharibu kazi yote.

Nilipofunguliwa bandeji nilishtuka, maana ilikuwa kubwa kama ncha ya kidole gumba. Daktari alinieleza kwamba huitengeneza kubwa makusudi, kwa sababu hunywea sana katika mwaka wa kwanza, mara nyingi hadi nusu au zaidi. Ndivyo ilivyokuwa, yangu leo ni ndogo kuliko ya upande wa pili. Haisimami kwa baridi, haihisi chochote, na weusi wake niliwekewa baadaye kwa tatuu, baada ya kidonda kukomaa. Rangi hiyo hupauka kadiri miaka inavyopita na huenda ikahitaji kurudiwa. Hata hivyo sijutii.

Nikuongezee jambo moja: kabla ya siku ya upasuaji, kata plasta iwe duara dogo, ibandike unapodhani chuchu inapaswa kukaa, simama mbele ya kioo, uisogeze hadi uridhike. Ukilala, titi hukudanganya.

Bint Ilala alijibu:

Samahani kuingilia. Sisi Waislamu tatuu hutupa wasiwasi, na nilipokuwa katika hali kama yako nilimwuliza shehe wa mtaani kwetu. Alinikumbusha habari ya sahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani, akaweka ya fedha ikamnukia, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Kwa maoni yake, kurudisha kilichoondolewa na maradhi si sawa na kujipamba. Wapo wasiokubali hoja hiyo kwa upande wa tatuu, kwa hiyo muulize unayemwamini. Mimi mwishowe nilichagua chuchu za silikoni za kubandika, ambazo huvaliwa na kuvuliwa, na ngozi haichomwi sindano.

Mwenye Kovu alijibu:

Mimi niliacha kama kulivyo. Mume wangu hakuuliza, nami sikuona haja ya kurudi tena chini ya kisu. Usilazimishwe na yeyote, awe anayecheka au anayehimiza.

Mama wa Tabata aliandika:

Asanteni nyote. Nimefunga mlango wa chumbani na plasta yangu, na nimegundua kwamba mahali ninapopataka pako juu ya kovu lenyewe, vidole viwili kutoka mpaka wa ngozi ya tumbo. Nesi, je, chuchu inaweza kukunjwa penye kovu, au isogezwe kidogo? Nina kliniki Jumanne.

Nesi Mstaafu alijibu:

Inawezekana, ila kovu likikatiza chini ya kipande huweza kuizuia damu, ndiyo maana daktari huchora vipande kwa kulikwepa. Usiibandue plasta hiyo. Nenda nayo Jumanne.