Naomba ushauri: tiba ya mwanga kwa maumivu ya kano ya kisigino

Habari zenu wakuu. Huu mwezi wa nne nasumbuliwa na kano ya Akilisi mguu wa kulia, ile kamba nene inayounganisha misuli ya shavu la mguu na kisigino. Asubuhi ndiyo balaa: nikishuka kitandani, hatua za mwanzo nachechemea huku nimeshika ukuta. Nikiibana kwa vidole viwili, juu kidogo ya kisigino, nakuta imevimba kama fundo na inauma kweli.

Mtaalamu wa fiziotherapia alinipa zoezi la kushusha kisigino taratibu kwenye ukingo wa ngazi, seti 3 za mara 15, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Nipo wiki ya 5. Nafuu ipo, ila inakuja kwa mwendo wa kinyonga. Sasa ananishauri niongeze tiba ya mwanga, yaani leza hafifu isiyochoma ngozi.

Waliowahi kuitumia, mlianza kupata nafuu baada ya mara ngapi? Maumivu yalirudi mlipoacha? Na vile vifaa vya taa nyekundu vya nyumbani, mwanga wake unafika kwenye kano kweli? Nauliza kwa sababu mwanga usioonekana, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 800 na kitu, hupenya ndani zaidi kuliko mwekundu.

Sindano ya steroidi, ile dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu, naiogopa, inaweza kudhoofisha kano hadi ikakatika. Natamani mno kurudi kukimbia. Naombeni msaada wenu.