Peugeot 504 imelala tangu Novemba: naitoaje mara ya kwanza?

MtotoWaPongwe (28 Machi)

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi niko Hamburg, upande wa Harburg. Oktoba iliyopita nilifanya jambo ambalo mke wangu hajanisamehe hadi leo: nilinunua Peugeot 504 stesheni wagoni ya mwaka 1972, ile ndefu yenye safu tatu za viti, gia iko kwenye usukani. Nililiendesha mara mbili tu, baridi ikaingia.

Kwa nini 504? Marehemu mjomba alikuwa dereva wa gari kama hili, la abiria, kati ya Lungalunga na Mombasa. Likizo nikipelekwa kwake, mimi ndiye utingo. Gari likisimama naruka na jiwe jeusi lililokuwa likikaa chini ya kiti cha nyuma, naliweka kwenye tairi. Gari likiondoka nabeba jiwe langu nakimbilia mlango. Hakuna kazi niliyowahi kuipenda hivyo.

Sasa hapa namba yangu ni ya msimu. Pembeni mwa kibao kuna 04 juu na 10 chini, maana yake barabarani naruhusiwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi mwisho wa Oktoba. Nje ya hapo hata kuliegesha mtaani ni kosa. Kwa hiyo limelala gereji ya kukodi miezi mitano na mikono inaniwasha.

Kabla ya kulilaza nilitoa betri. Imekaa jikoni kwetu muda wote huo, jirani na gunia la mchele, naichaji kila mwezi, jana imesoma volti 12.6. Tairi nilizijaza upepo hadi baa 3 zisibonyee upande mmoja. Tangi nilijaza petroli ya E10, ile iliyochanganywa na ethanoli. Hendibreki nilivuta mpaka mwisho, sakafu ya gereji ina mteremko kidogo. Juu nikafunika shuka la pamba.

Je, tarehe 1 niwashe tu niondoke? Na hii chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji, nisubiri nini hasa?

Kisima_cha_Oili

Mkuu kwa hela hiyo si ungepata IST? Tangu lini gari linalala kama popo.

FundiMstaafu_Naks

Kijana, hizo injini nimezifungua miaka mingi hapa Nakuru, enzi zile 504 ndizo zilikuwa zinabeba watu. Theluji sijawahi kuona, lakini gari iliyolala naijua vizuri. Za kwetu zililazwa na bei ya spea.

Usiwashe kwanza. Pima oili. Halafu chomoa ile waya nene ya katikati kutoka kwa koili, ndio plagi zisipate moto, upige stata sekunde kumi hivi, upumzike, upige tena, mpaka taa ya oili izime. Miezi mitano oili yote imeteremka chini. Ukiwasha moja kwa moja, beringi zinazunguka zikiwa kavu hiyo dakika ya kwanza, na hapo ndipo injini inazeeka. Pampu ya petroli nayo inasukumwa na injini yenyewe, kwa hivyo hizo stata zinaijazia kabureta, ambayo saa hii imekauka. Choki usivute bado. Ngoja urudishe waya.

Ikishawaka usiiache ikinguruma nusu saa ukiisikiliza kama redio. Iende barabarani polepole ipate moto. Na usishtuke ukiona feni haizunguki. Ya Peugeot ina sumaku, inangoja maji yapate moto ndio ishike. Nimeona vijana wakiifunga na waya wakidhani imekufa.

Breki: kanyaga pedali ushikilie dakika nzima. Ikizama polepole, usitoke hata kwa lango.

Sasa hendibreki. Kijana! Mjomba wako alikupatia jiwe ulishike kwa mkono, na bado hukuuliza ni la nini? Stesheni wagoni ina dramu nyuma. Umezibana na unyevu miezi mitano, kutu imeshikanisha breki na dramu kama zimechomelewa. Ukiachilia hendibreki zitakataa. Weka riva, ujaribu kurudi kidogo, mbele kidogo, taratibu. Usilazimishe, utaunguza klachi. Ikikataa, toa tairi, ugonge dramu kwa nyundo ukiwa umeweka kipande cha mbao katikati, ukizunguka pande zote. Na kabla ugonge, weka kitu kwa tairi za mbele, la sivyo itakuangukia.

BiAmazon

Fundi amesema ya injini, mie niseme ya huku baridini. Niko Göteborg, Uswidi, nina Volvo Amazon ya 1966, na kila mwaka naitoa kama bibi harusi.

Chumvi usiihesabu kwa kalenda, ndugu yangu. Ngoja usiku usiteremke tena chini ya sifuri, maana wakihofia barafu watamwaga tena. Kisha ngoja mvua kubwa, si ya saa moja, ya siku mbili tatu. Mie huchukua soksi nyeusi nikaifuta lami iliyokauka pembeni mwa barabara. Ikitoka na weupe narudi ndani kunywa chai. Watu hunicheka, lakini vizingiti vya milango yangu havina tundu. Chuma cha miaka ile hakikupakwa kinga kama cha leo. Chumvi yenye maji ikiingia ndani ya chasisi hutaiona mpaka sakafu ikuonyeshe barabara.

E10 hiyo umekosea. Ile ethanoli huvuta unyevu, na mipira ya petroli ya zamani haipatani nayo. Papasa mpira wote toka tangi hadi kabureta, uukunje kwa vidole. Ukiona nyufa, badilisha kabla ya kuwasha, kwa sababu unapita karibu na injini yenye moto. Kunusa pia kunusa, pua haidanganyi. Ukijaza tena tia Super ya kawaida, E5.

Na fungua filta ya hewa. Panya hupenda humo.

Mwisho, nakuheshimu kwa Peugeot yako, lakini usisahau Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda mbio za magari za Safari mwaka 1965 kwa Volvo PV544, tena gari la mkononi!

MtotoWaPongwe (wiki ya tatu ya Aprili)

Bi Amazon, 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland wa Tanzania kwa Peugeot 404, na mwaka 1975 ilikuwa 504 yenyewe. Tuyaache hayo.

Nirudi na majibu. Taa ya oili ilizima stata ya tatu. Kwenye filta panya alikuwepo kweli, ameshahama lakini kitanda amekiacha, laini, cheupe. Nikakitazama vizuri: pamba ya shuka la mke wangu. Hilo sijamwambia, na kama yuko humu basi ndio nimemwambia. Mpira wa petroli karibu na pampu ulikatika mkononi kama biskuti. Nimebadilisha wote.

Tairi la nyuma kushoto lilikataa katakata. Riva, gari likainuka kisigino kama punda, injini ikazima. Nikafanya alivyosema fundi, mbao na nyundo, karibu robo saa. Lilipoachia lilipiga ta! mpaka jirani wa gereji akatoka na kikombe chake mkononi.

Mvua ilinyesha Jumatatu hadi Alhamisi. Soksi ikatoka safi. Jumapili nikamchukua mwanangu, miaka 9, akachagua safu ya tatu, hakutaka mbele. Tukapita Neuenfelde kwenda Jork, kwenye mashamba ya matunda kando ya Elbe. Micheri imeanza kuchanua, mitufaha bado. Sikuzidi kilomita 70 kwa saa. Nyuma yangu foleni ndefu, hakuna aliyepiga honi. Mzee mmoja wa baiskeli alishuka kabisa akasimama kuangalia.

Kule tuliegesha chini ya tuta la mto, kwenye kokoto, mteremko. Mkono ukaenda wenyewe kwenye hendibreki. Nikaurudisha, nikaacha gia ya kwanza, nikamwambia mtoto ashuke atafute jiwe, kubwa kama mkate.

Akaenda akakaa huko, nikaona amelikumbatia kifuani anakuja nalo anakimbia. Akaniuliza baba niliweke mbele au nyuma. Nikashuka kumwonyesha.