Kamati zote ni zangu, cheo ni cha wenzangu: nifanyeje?

Swali
Wanataaluma wenzangu, salaam. Ninafundisha katika chuo kikuu kimoja nchini Marekani, na idarani kwetu mwanamke mweusi ni mimi peke yangu. Kila kamati inapoundwa jina langu hutangulia, ili ionekane hakuna aliyeachwa nje. Wanafunzi weusi nao, hata wasio wa idara yetu, huniletea shida zao, nami siwezi kuwafungia mlango. Faili la kupandishwa cheo likifunguliwa, kinachohesabiwa ni machapisho, ambayo muda wake umeishia vikaoni. Nikimweleza mkuu wa idara, je, sitaonekana mkorofi?

Jibu la kwanza
Dada, usiende mikono mitupu. Nancy Hopkins, mwanabiolojia wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia kule Massachusetts, alipobishiwa kwamba maabara yake ni ndogo, alichukua tepu ya kupimia, akapima vyumba vya wenzake, akakuta hata wanaume waliokuwa chini yake kwa cheo wamemzidi nafasi. Mwaka 1994 kitivo chao cha sayansi kilikuwa na wanawake 15 wenye ajira ya kudumu, na wanaume 194. Ripoti ya Hopkins na wenzake kuhusu ubaguzi dhidi ya wanawake ilipotoka mwaka 1999, mkuu wa chuo, Charles Vest, alikiri kwamba ubaguzi huo kwa sehemu kubwa ni jambo halisi, si hisia tu. Nawe andika saa zako, kikao kwa kikao.

Jibu la pili
Ni kweli, ila ripoti ile ilihusu jinsia; ya MIT kuhusu rangi ilisubiri hadi 2010. Aliyebeba mizigo yote miwili husahaulika kirahisi. Derrick Bell, mweusi wa kwanza kupata ajira ya kudumu katika Shule ya Sheria ya Harvard (1971), alichukua likizo bila malipo mwaka 1990 akidai kwamba mwanamke asiye mzungu naye apewe ajira hiyo. Mwaka 1992 alipoteza nafasi yake. Lani Guinier, mwanamke mweusi, ndiye aliyekuja kuipata ajira hiyo hapo Harvard, mwaka 1998.

Muulizaji
Nashukuru. Njia ya Bell siiwezi, kwa kuwa viza yangu imefungamana na ajira hii.

Jibu la tatu
Basi usikatae, uliza. Ukiteuliwa tena, mwandikie mkuu wa idara kwa barua pepe ya adabu kabisa: nitolewe kamati ipi, au nipunguziwe somo lipi, ili niingie hii? Jibu lake, hata likiwa la kukwepa, liweke ndani ya faili lako pamoja na hizo saa.