MREJESHO: Nimehama Nairobi, sasa nipo Nanyuki na farasi wangu

Ndugu zangu, niliwauliza kama ni busara kuhama Nairobi kwenda Nanyuki ili nipande farasi kila siku badala ya wikendi tu. Nimehama, na asanteni sana kwa ushauri.

Kazi yangu ni ya mtandaoni, hivyo hapo hapakuwa na shida. Aliyenionya kuhusu ugonjwa wa farasi wa Afrika alinifaa kuliko wote. Virusi vyake huenezwa na usubi, wadudu wadogo wanaouma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri. Basi jua likielekea kuzama, farasi wangu yuko bandani, na chanjo ameshapata. Nyasi nazo zinakula pesa: farasi wa kilo 400 huhitaji takriban kilo 8 za nyasi kavu kwa siku. Nunueni Boma Rhodes, aina ya nyasi za malisho, mapema, kabla ya kiangazi.

Saisi wangu, yaani mtunza farasi, mzee wa huku huku, amenifundisha kuinua kwato moja moja na kuchokoa matope kabla ya kutandika. Halafu tunatoka mdogomdogo, Mlima Kenya uko wazi mbele yetu. Jamani, nina furaha! Mwenye swali la kodi za mashamba aulize, nitamjibu.