Mjadala: Je, miji midogo ya kaunti ya St. Louis iunganishwe kwa sheria?

Hoja iliyo mezani ni hii: jimbo la Missouri, nchini Marekani, liiachie miji midogo karibu 90 ya kaunti ya St. Louis iendelee kujitawala, au liiunganishe kwa nguvu ya sheria ibaki michache yenye uwezo? Nitautaja msimamo wangu mapema ili atakayenipinga ajue pa kuanzia. Mji usioweza kuwalipa polisi wake kwa kodi za kawaida haustahili kuwa na polisi wala mahakama, hata kama unastahili kubaki na jina lake, meya wake na halmashauri yake.

Kwa wasioifahamu Missouri, ni vyema kueleza kwanza kwamba mji huko huanzishwa na wakazi wenyewe. Hukusanya saini, huomba kusajiliwa, na ombi likikubaliwa wanapata chombo kamili cha kisheria chenye haki ya kutoza kodi, kupanga matumizi ya ardhi, kuajiri polisi na kufungua mahakama ya makosa madogo. Mwaka 1876 jiji la St. Louis lilijitenga na kaunti yake na kujiwekea mipaka ambayo halikuweza kuipanua tena, kwa hiyo watu walipohamia nje ya mipaka hiyo katika karne iliyofuata, kitongoji kimoja baada ya kingine kilijisajili kivyake. Jiji lililokuwa na watu zaidi ya 850,000 mwaka 1950 lilibaki na takriban 301,000 mwaka 2020, huku kaunti ikifikia watu milioni moja. Miongoni mwa miji na vijiji vilivyosajiliwa kumo kijiji cha Champ, ambacho sensa ya mwaka 2010 ilikikuta na watu 13.

Wanaoitetea hali hii huiita demokrasia ya karibu na mwananchi, na sehemu ya hoja hiyo naikubali. Lakini historia inatulazimu kuuliza ni mwananchi yupi aliyekaribishwa. Mwaka 1970, asasi zenye uhusiano na kanisa zilipanga kujenga nyumba za watu wa kipato cha chini na cha kati, wa rangi zote, katika eneo la kaunti lililokuwa halijasajiliwa. Wakazi wa hapo, karibu wote Wazungu, waliharakisha kuomba hadhi ya mji, wakaupata mji wa Black Jack, na mara moja halmashauri yao mpya ikapiga marufuku ujenzi wa nyumba za familia nyingi. Mwaka 1974 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba marufuku hiyo ilivunja sheria ya nchi inayokataza ubaguzi katika makazi. Mji wenyewe, hata hivyo, upo hadi leo.

Suala la fedha ndilo linaloniuma zaidi. Kodi ya mauzo huufaidi zaidi mji uliobahatika kuwa na maduka makubwa, na ingawa kaunti ina mfuko ambao miji mingi hugawana kulingana na idadi ya watu, baadhi ya miji yenye maduka hubaki na sehemu kubwa ya kile kinachokusanywa kwao. Miji maskini ya kaskazini mwa kaunti, yenye wakazi wengi Weusi, haina maduka ya kutosha wala nyumba za thamani kubwa za kutozwa kodi. Maji yalipozidi unga, mingi kati yake iligeukia faini.

Baada ya polisi kumuua kijana Michael Brown mjini Ferguson mnamo Agosti 2014, Wizara ya Sheria ya Marekani ilichunguza mji huo wa watu wapatao 21,000 na kutoa ripoti mwezi Machi 2015. Bajeti ya mji ilitarajia dola milioni 3.09 kutokana na faini na ada za mahakama, kati ya mapato ya milioni 13.26. Kufikia Desemba 2014 zaidi ya watu 16,000 walikuwa na hati za kukamatwa zilizotolewa na mahakama hiyo moja. Ripoti inamweleza mwanamke aliyeandikiwa makosa mawili kwa kuegesha gari vibaya mwaka 2007, akatozwa dola 151 pamoja na ada. Hakuwa na uwezo, kuna wakati hakuwa hata na makazi, na kila alipokosa kufika mahakamani au kulipa deni liliongezeka. Alipoleta dola 25, na wakati mwingine dola 50, mahakama ilimrudishia kwa sababu hazikutimiza deni lote. Alikamatwa mara mbili, akalala mahabusu siku sita, akalipa dola 550, na miaka saba baadaye alikuwa bado anadaiwa 541.

Bunge la jimbo lilijaribu kutibu jambo hili mwaka 2015 kwa kushusha kiwango cha mapato ambacho mji unaruhusiwa kupata kutokana na faini za barabarani, kutoka asilimia 30 hadi 20, na 12.5 kwa kaunti ya St. Louis peke yake. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Missouri ilitengua kiwango hicho cha pekee, kwa hoja kwamba kaunti moja haiwezi kutungiwa sheria yake ya kuibagua. Mimi naona tatizo liko ndani zaidi ya asilimia, kwa kuwa mji wenye mahakama yake utaendelea kushawishika kuitumia kama chanzo cha mapato.

Basi kwa nini siungi mkono kuunganisha yote? Kwa sababu ya namna jambo hilo lilivyojaribiwa. Pendekezo la mwaka 2019 la kuunganisha jiji na kaunti lingeamuliwa kwa kura ya jimbo zima, maana yake mkulima aliye mamia ya kilomita kutoka hapo angeamua hatima ya mji asiouishi. Viongozi wengi Weusi walihofia kwamba nguvu ya kisiasa waliyoipata kwa taabu ingeyeyuka katika chombo kimoja kikubwa, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Pendekezo liliondolewa mwezi Mei, wiki chache baada ya mkuu wa kaunti, ambaye ndiye aliyekuwa amepangiwa kuliongoza jiji jipya, kushtakiwa kwa rushwa.

Ipo njia nyingine ambayo tayari imejaribiwa. Vinita Park, mmoja wa miji midogo ya kaunti hiyo, na majirani zake waliunda jeshi moja la polisi la pamoja, na wakazi wa kijiji jirani cha Vinita Terrace wakapiga kura wenyewe kujiunga na Vinita Park. Ningependa mahakama zote za miji zihamishiwe kaunti kwa sheria, kisha muungano wa miji uachiwe wakazi wenyewe.

Swali linalonisumbua, na ambalo ningependa wachangiaji walijibu, ni la mpiga kura. Wengi waliokuwa na hati za kukamatwa za Ferguson hawakuwa wakazi wa Ferguson. Walikuwa wapita njia. Ikiwa kura ya kuifuta mahakama ya mji ni ya wakazi wa mji huo pekee, hao waliotozwa wana sauti gani, na ikiwa ni ya kaunti nzima, tunaikabili vipi ile hofu ya mwaka 2019 bila kuipuuza?