Picha iliyotafsiriwa na DJ: umeiona, au umesimuliwa?

Ndugu zangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na kwingineko, ugonile, kamwene. Naleta hoja hii hapa kwa sababu kijiweni imetushinda.

Jumapili iliyopita tulikaa Mafiati, na baridi la mwezi wa saba mnalijua. Tukaanza kutaja kila mtu picha tatu anazozipenda kuliko zote. Zangu nilizitaja bila kusita: Sholay ya mwaka 1975, Commando ya 1985 na The Gods Must Be Crazy ya 1980. Kijana mmoja anayesoma chuo akaniuliza kama Sholay niliiona kwa Kihindi. Nikamwambia hapana, niliiona kwa mdomo wa msimuliaji, kibanda umiza, Tukuyu. Akasema basi hukuiona, ulisimuliwa. Commando nayo akaifuta hivyo hivyo. Mwingine akadakia kwamba ingefaa Bodi ya Filamu ipige marufuku picha zote za kutafsiriwa na MaDJ, yaani wasimuliaji wanaozifunika kwa sauti yao ya Kiswahili, ziwe za DJ Afro wa Kenya, ziwe za hawa wa kwetu waliofuata nyayo za Lufufu, msimuliaji wetu wa zamani. Tukagawanyika pale pale.

Msimamo wangu ni kwamba niliiona. Ngoja nieleze nilivyoiona, halafu mnihukumu.

Kibanda kile kilikuwa cha mabanzi na bati, deki moja, luninga moja, jenereta nyuma ya ukuta, kiingilio shilingi 100. Msimuliaji wetu mchana alikuwa fundi baiskeli. Ujana wake aliupitisha kwenye migodi ya shaba upande wa Zambia, Kiingereza alikiokota huko. Kihindi hakukijua hata kidogo, ila Sholay alikuwa ameirudia mpaka akaijua nani anasema nini na kwa nini. Mvua ya Tukuyu ikigonga bati sauti ya luninga inapotea kabisa, na yeye alikuwa anapandisha yake juu ya mvua. Mimi nilikuwa nimekaa na bibi yangu, mama mzaa mama, ambaye Kiswahili chenyewe alikisikia kuliko alivyokisema.

Walioiona Sholay wanakumbuka pale majambazi wa Gabbar wanapovamia kijiji siku ya sikukuu ya rangi. Jai na Veeru, vijana waliokodiwa na Thakur, bwana mkubwa wa kijiji, wapambane na Gabbar, wamebanwa, bunduki iko chini karibu kabisa na miguu ya Thakur, na Thakur amesimama tu na shuka lake mabegani. Haiokoti. Bibi alikasirika, akamwita mwoga kwa Kinyakyusa, kibanda kizima kikamuunga mkono. Sasa msimuliaji alijua siri. Alijua kwamba Thakur hana mikono, kwamba Gabbar aliikata, na kwamba lile shuka ndilo linaloficha. Angeweza kutuambia kwa neno moja. Hakusema. Alituacha tumchukie yule mzee, akatuchochea hata, akauliza kwa sauti ya kijiji, "Huyu bwana mkubwa vipi, bunduki si hiyo hapo?" Ulipofika upepo ukalipeperusha shuka, yeye akanyamaza kimya. Tukabaki na mvua peke yake. Bibi aliweka mkono mdomoni na hakuutoa mpaka tulipotoka.

Mtu aliyejua aseme lini na anyamaze lini namna ile, mimi siwezi kukubali aitwe mharibifu. Alikuwa anaisoma picha kwa niaba yetu, kama shehe anavyofasiri aya au mchungaji anavyosoma mstari akaueleza.

Commando aliifanyia kazi nyingine. Binti wa Matrix, komando mstaafu, ametekwa, ndege aliyopandishwa Matrix inachukua saa 11 kufika, na yeye anaruka ikiwa ndiyo inapaa. Kuanzia hapo fundi wetu hakuacha saa ile itutoke akilini. Kila baada ya kisa alitukumbusha zimebaki ngapi, na kwa kuwa sisi tunahesabu saa kwa jua letu, alikuwa anatwambia hivi sasa Matrix kwake ni magharibi, ng'ombe wanarudi. Hilo halimo kwenye maneno ya picha. Ila lilituweka ndani yake.

Tena kusimulia picha hakukuanzia kwa Lufufu wala kwa mafundi baiskeli. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na mradi wa sinema za mafunzo wenye makao Vugiri, kule Usambara. Gari lao lilizunguka Tanganyika na nchi jirani, na maelezo ya picha yalitolewa kwa santuri au kwa mtu mwenye kipaza sauti anayesema lugha ya mahali. Japani nako, enzi za picha zisizo na sauti, walikuwepo wasimulizi walioitwa benshi, na wapo watu waliolipa kiingilio kwa ajili ya msimulizi kuliko kwa ajili ya mwigizaji. Kaka yake Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa mmoja wao, na Kurosawa mwenyewe alipenda sinema kwa kuongozwa na kaka yake huyo. Sijasikia Mjapani akisema babu zake hawakuona sinema.

Na hiyo ya tatu niliyoitaja, ya chupa ya soda iliyodondoka kutoka angani, tangu ilipotengenezwa ina msimuliaji ndani yake. Ilivyowachora Wasani, wale wawindaji wa Kalahari, inanisumbua siku hizi, tofauti na zamani, lakini sauti ile ya msimuliaji ndiyo inayoibeba. Mbona hiyo haiitwi picha iliyoharibiwa?

Karibuni. Nijibuni kwa hoja.

*Mwalimu wa sekondari, Iringa:*

Kaka, kamwene. Umesimulia vizuri na nimeguswa na habari ya bibi. Lakini umemchagua msimuliaji bora kuliko wote ukamfanya wakili wa wote. Mimi naishi Kihesa, karibu na kibanda kinachofunguliwa tangu saa nne asubuhi, na ninachokisikia kupitia ukuta ni kingine. Mama kwenye picha anamlilia mwanawe, DJ anaeleza umbo la huyo mama. Watu wawili wanaagana kituo cha treni, DJ anatuma salamu kwa rafiki zake wa mtaani. Wanafunzi wangu wanakuja darasani na matusi niliyoyasikia kwa DJ jana yake, neno kwa neno.

Picha ina mwenyewe. Mwongozaji amepima ukimya kama mjenzi anavyopima ukuta. Wewe mwenyewe umesema fundi wako hakujua Kihindi, kwa hiyo maneno aliyompa Thakur ni ya kwake. Tukubali hilo kwa Wahindi, tutalikubali na kwetu? Fikiria mtu atengeneze picha ya vita vya Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa wanakiangusha kikosi cha Wajerumani cha Zelewski. Halafu mtu mahali fulani aifunike kwa sauti yake, amwite Mkwawa jambazi mkuu na Zelewski steringi, kwa sababu lugha haijui na amekisia nani mwema kwa rangi ya farasi wake. Utasema watu hao wameiona Lugalo?

Kama shida ni Kiswahili, ipo njia ya heshima. Mwaka 2011 tuliangalia Doudou na Mama Wakwe Zake, tamthilia ya Kichina, kila mhusika na sauti yake ya Kiswahili, vilio vyao na muziki wao vimeachwa. Bibi yako angeielewa pia.

*Mama muuza parachichi, Rungwe:*

Mimi naandika kwa kifupi, mtanisamehe. Nimesoma mpaka la saba. Yale maandishi ya chini yanapita kabla sijamaliza mstari, tena ni ya Kiingereza. Wanangu wakiweka picha isiyotafsiriwa wanaangalia wao, mimi nakuwa kama mgeni sebuleni kwangu. Wakiweka ya DJ naambiwa kila kitu. Mwalimu anasema tutafsiriwe vizuri kama ile ya Kichina, nakubali, lakini hiyo imekuja moja nikaingoja ya pili muda mrefu sana. DJ analeta mpya kila wiki. Matusi hata mimi siyataki.

*Mwenye laibrari, Makambako:*

Niwape upande wa kaunta. Nilianza kwa kukodisha mikanda, nikaenda kwenye CD, leo naweka muvi na sizoni kwenye fleshi. Mteja akifika hapa stendi, swali la kwanza ni "imetafsiriwa?" Jina la picha linafuata, mara nyingine halifuati kabisa, anataja jina la DJ na kusema nipe mpya yake.

Sasa semeni ukweli kuhusu fedha. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 watu walijaa dukani kwangu kutafuta kazi zake, na nilikuwa nazo halali, nimenunua. Miaka iliyofuata rafu ya Bongo Movie ikapungua mpaka ikawa mstari mmoja. Waigizaji wetu walilalamika kwamba picha ya nje iliyotafsiriwa haimlipi mtu yeyote kule ilikotoka, ndiyo maana inauzwa bei ya karanga, na wao wanaolipa kamera, wahusika na stempu za TRA hawawezi kushindana nayo. Walikuwa na haki. Mimi nilikuwa nauza zote mbili na najua ipi ilinipa faida. Anayemtetea DJ ajibu hilo kwanza, habari za Japani baadaye.

*Mwanafunzi, Mbeya:*

Ndiye mimi niliyeyasema yale Mafiati. Braza, sikukusudia kukudharau. Nilichomaanisha ni hiki: mwaka jana niliiona Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Ni Kiswahili tupu, Zanzibar ya wakati wa ukoloni, na kuna sehemu watu wanatazamana tu, bahari inasikika. Niliwawekea washkaji wanne. Baada ya dakika 20 mmoja akauliza, "Mbona haongei?" Hakuna aliyekuwa anakosa neno hata moja, lugha ni yao. Walikuwa wanamngoja DJ. Tumezoea kutafuniwa, na picha nzuri kuliko zote iliyotengenezwa kwa lugha yetu inatuchosha. Hilo linaniuma.

*Mleta mada:*

Nimerudi. Mwalimu, shikamoo, nakuanza wewe.

Ya matusi sina la kutetea. Yapo, na mengine hayafai hata kijiweni. Ila mtu akitukana kwa kipaza sauti, kosa ni la matusi. Redio tumeisikia ikituletea upuuzi na hatukuwahi kusema redio zifungwe. Kuhusu Lugalo umenikamata. Nimekaa na mfano huo usiku mzima. Nimeona kwamba ninachokitetea ni msimuliaji anayeijua picha, na kwamba fundi wetu aliijua Sholay kwa kuirudia mara zisizo na idadi. Anayeitafsiri picha siku hiyo hiyo aliyoipata, ili aiwahi sokoni, huyo simtetei tena. Kwa hiyo hapo nimesogea. Nawe sogea kidogo: sauti ya Kiswahili kwa kila mhusika ni kazi ya studio na watu wengi, na mama wa Rungwe amekuambia alingoja muda gani.

Mdogo wangu, na mimi nina deni la kukulipa. Miaka mingi baada ya Tukuyu niliipata Sholay na sauti zake za asili. Kuna kisa cha usiku: Radha, mjane, anapunguza mwanga wa taa moja baada ya nyingine kwenye baraza la juu, na Jai amekaa chini ng'ambo anapiga kinanda cha mdomo. Hakuna anayesema neno. Nilipouona ule usiku nikatambua kwamba sikuwa nimewahi kuusikia muziki wake, kwa kuwa fundi alijaza pale maelezo ya nani anampenda nani. Nilihuzunika. Pale alipaswa kuuweka kipaza sauti chini, kama alivyofanya kwenye shuka. Hivyo nakubali kwamba kuna sehemu ya picha alininyima. Lakini niliitafuta Sholay ya asili kwa sababu yake yeye. Rafiki zako wanne usiwaache kwenye dakika ya 20. Kaa nao, rudieni, waambie ukimya ule wa Vuta N'kuvute unaficha nini kati ya Yasmin na Denge. Ukifanya hivyo utakuwa umefanya kazi ya fundi wetu.

Mzee wa Makambako, wewe ndiye uliyenibana kuliko wote. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuitafsiri au kumruhusu mwingine aitafsiri. DJ hana ruhusa hiyo, na mimi nikilipa kiingilio nilikuwa sehemu ya jambo hilo bila kujua. Mwigizaji wa Songea au Dar aliyekosa chakula kwa sababu hiyo ana haki ya kunikasirikia. Ninachokiomba ni DJ aingizwe ndani ya sheria, asifukuzwe nje yake. Vituo vya televisheni vinanunua haki za tamthilia za nje na kuzitia Kiswahili. Kwa nini wasimwajiri msimuliaji mzuri, wakamlipa, jina lake likaandikwa, na picha za hapa nyumbani zikauzwa kwa ushindani wa haki? Marufuku itaua kibanda tu, na fleshi zitaendelea kupita mfukoni kama zinavyopita leo.

Lipo jambo moja ambalo hamkuligusa, nalo ndilo lililonifanya niandike. Fundi wetu alikuwa anarekodi. Mwenye kibanda aliunganisha kipaza sauti na deki, wakatoa mikanda yenye sauti yake, mingine ikauzwa Kyela, mingine Tunduma. Fundi alishafariki. Kibanda sasa ni duka la mbolea. Nimeuliza kwa mtoto wa mwenye kibanda, akaniambia mikanda iliingia ukungu ikatupwa. Sholay yenyewe ipo, ntaipata hata leo jioni. Ile yenye sauti yake juu ya mvua siioni popote.

Kama kuna mtu Kyela, Tunduma, Mbozi au Ileje ambaye ana boksi la mikanda ya zamani darini, naomba aangalie kama upo mmoja ulioandikwa kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa, SHOLE. Ndivyo alivyoliandika. Deki ninayo, inafanya kazi, na nauli ya kuja kuuchukua nitalipa mimi.