Je, ni unafiki kutoa sadaka ya shukrani wakati moyo umejaa hofu?

Mwanakwaya wa Njombe:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni Mlutheri, ninaishi Njombe, na kwa miaka sita nilifanya kazi katika mradi wa afya uliotegemea fedha za wafadhili wa nje. Kazi yangu ilikuwa kuwafuata majumbani watu walioacha kufika kliniki kuchukua dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kukaa nao, kuwasikiliza na kuwarudisha kwenye tiba. Mwanzoni mwa mwaka 2025 fedha zilikatika; tukapewa barua za kusitisha mikataba asubuhi, na kabla ya jua kuzama tukawa tumerudisha simu na pikipiki za kazi. Tangu hapo ninaishi kwa vibarua vya kuvuna viazi, na ada ya chuo ya binti yangu haijalipwa.

Jumapili ya mavuno inakaribia, na bahasha ya sadaka yenye namba yangu iko juu ya kabati, tupu. Tunapohimizwa kushukuru kwa kila jambo, ninajiuliza nishukuru kwa lipi. Kwa barua ile? Kwa wagonjwa ambao sasa hakuna anayebisha hodi kwao? Imani sijaiacha, na kila usiku ninasali, lakini nikiimba shukrani mbele ya madhabahu ninahisi ninamdanganya Mungu. Naomba mnisaidie kuelewa.

Mwinjilisti mstaafu, Iringa:
Binti yangu, nakusalimu katika jina la Bwana. Mstari unaokusumbua ni 1 Wathesalonike 5:18. Maneno ya Kigiriki yaliyo nyuma ya "kwa kila jambo" ni *en panti*, na hilo *en* maana yake ni "katika". Mtume anawaambia watu waliokuwa wakiteswa, na waliokuwa na msiba wa wenzao, washukuru wakiwa ndani ya hali ile.

Soma Matendo 27 polepole. Paulo ni mfungwa ndani ya meli inayopelekwa na tufani. Kwa siku nyingi jua wala nyota hazijaonekana, na tumaini la kuokoka limekwisha. Karibu na mapambazuko, baada ya usiku wa kumi na nne, anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya watu wote, anaumega, anaanza kula. Dhoruba hakuishukuru, alishukuru kwa mkate alioushika. Wala shukrani ile haikuiokoa meli, kwa maana ilikwama na kuvunjika, na ngano ilikuwa imekwisha kutupwa baharini, ingawa watu wote 276 walifika nchi kavu, wengine juu ya mbao.

Katika mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 mahindi yangu yalioza shambani. Jioni moja mke wangu alishukuru kwa chumvi, kwa sababu katika jiko letu kopo la chumvi ndilo pekee lililokuwa limejaa. Mwanzoni nilikasirika, nikidhani anaficha shida yetu. Baadaye nilielewa kwamba alitaja kitu alichokiona kwa macho yake, na kwa hiyo hakusema uongo.

Mama wa watatu, Songea:
Ninamshukuru Mwinjilisti, lakini Waefeso 5:20 pia ipo, na huko Kigiriki ni *hyper pantōn*, yaani kwa ajili ya mambo yote. Hatuwezi kumaliza ugumu huu kwa neno moja la sarufi. Mimi nauelewa mstari huo nikikumbuka kwamba unasema "katika jina lake Bwana wetu Yesu Kristo", naye Bwana alimlilia Lazaro aliyekufa, ingawa alijua atakachotenda.

Nilipofiwa na mume wangu, watu walinihimiza kushukuru kabla hata turubai la msiba halijaondolewa. Walikuwa na nia njema, lakini walinifunga mdomo. Kilichonifungua ni Zaburi ya 88, ambayo mwisho wake ni giza tu, bila neno la faraja, nayo bado imo katika Maandiko kama sala. Dada, mwambie Mungu habari za barua ile kwanza, kama ilivyo. Shukrani ikichelewa, usiilazimishe.

Mzee wa kanisa, Makete:
Kuhusu bahasha, dada yangu, soma 2 Wakorintho 8:12: sadaka hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Ada ya mtoto ni wajibu wako mbele za Mungu, na asikuambie mtu kwamba ukope ili utimize ahadi ya sadaka, eti ndipo ubarikiwe. Na kidogo hakidharauliwi: katika mnada wa mavuno usharikani kwetu nimeona mayai matatu yakinunuliwa, yakarudishwa mezani na mnunuzi, yakanadiwa tena mpaka mara ya nne. Kuhusu wagonjwa, zungumza na mchungaji wako, bila kutaja jina la yeyote, ili aone kama idara ya diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, inaweza kuendeleza utaratibu wa kuwatembelea wanaokubali.

Mwanakwaya wa Njombe:
Wazazi wangu na dada yangu, asanteni. Juzi usiku nilimwambia Mungu kila kitu, hata hasira, na sikupata neno lolote la kushukuru. Jana nilikwenda kwa miguu kwa mmoja wa wale niliokuwa nikiwatembelea. Nilimkuta anaendelea na dawa. Tukahesabu vidonge vyake pamoja kwenye kifuniko cha kopo, vikatosha mpaka tarehe ya kliniki, na njiani nikirudi nikajikuta nimeshukuru kwa sauti. Mchungaji nitamwona Alhamisi. Jumapili nitapeleka debe moja la viazi na nitasimama na kwaya; ubeti utakaonishinda nitanyamaza, wenzangu wa sauti ya pili wataubeba.